Msumari wa Saa

Mama Pasi alipostaafu kazi ya kunyoosha nguo za watu, watoto wake walidhani sasa atatulia nyumbani alee wajukuu. Weee! Akanunua rangi. Alikuwa amesimama miaka nenda miaka rudi kwenye duka lilelile la kufulia, mvuke ukimpiga usoni, akipigana na mikunjo ya mashati ya watu wasiomjua hata jina. Sasa, alisema, anataka kwenda mahali penye hewa, tena pasipo na shati hata moja. Ndipo akajiunga na kikundi cha wachoraji kinachokwenda jangwani kila Jumamosi kwa gari la kukodi, na kurudi jioni kikiwa na mchanga hadi kwenye meno.

Kiongozi wao ni mwalimu mstaafu wa uchoraji, wanamwita Kofia kwa sababu ya kofia yake pana kama sinia. Yumo pia daktari wa meno, ambaye kila jiwe akilichora linatoka kama gego linalosubiri kung'olewa. Na yupo dereva, jitu la mwili ulioshiba, asiyechora chochote. Yeye akishawafikisha hujitupa kwenye kivuli cha gari akakoroma mpaka saa ya kuondoka.

Kikundi kina desturi yake. Kabla ya kufungasha, picha zote huegemezwa kwenye ubavu wa gari, rangi ikiwa bado mbichi, na kila moja inasemwa palepale mwenyewe akisikia. Hakuna kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Na kila Jumamosi Kofia akifika kwenye picha ya Mama Pasi husema lilelile: "Mama, mchanga umeupiga pasi tena."

Alikuwa hamsingizii. Mkono wa Mama Pasi haukujua kuuacha mkunjo salama. Akiona tu wimbi la mchanga, brashi inapita juu yake, inarudi, inapita tena, mpaka jangwa zima linalala limenyooka kama shuka la hoteli.

Maneno ya Kofia yangevumilika. Aliyemkata maini ni mumewe, kondakta wa mabasi mstaafu, ambaye kila picha aliyoletewa alikwenda kuitundika chooni. Chooni, jamani! Moja juu ya ndoo, moja nyuma ya mlango, na ile ya kwanza kabisa mbele ya uso wa mtu aliyekaa. Na mzee huyo akiingia mle asubuhi, nyumba nzima hushika tumbo ikingoja. Sebuleni kulikuwa na msumari mmoja tu, kwa sababu ukuta ule wa zege ulikuwa umepinda misumari mingine yote, na juu yake ilining'inia saa ya plastiki.

"Baba watoto, pale si pangefaa picha?" aliwahi kumuuliza.

"Pale ni pa saa," mzee akajibu, macho kwenye televisheni.

Basi Ijumaa moja Mama Pasi akakoroga chai kwa hasira na kujiapiza: picha ya kesho ikienda chooni, rangi zote anampa jirani, na jangwani hakanyagi tena. Cheka ukitaka. Yeye aliutaka msumari ule kuliko alivyowahi kuitaka pete ya ndoa, na iliyomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumamosi ikafika. Akachora tangu asubuhi, ulimi nje, akijikaripia kwa sauti, "Acha mkunjo! Wewe mwanamke, acha mkunjo!" Mchana upepo ukaanza kuitikisa ile miguu mitatu ya mbao iliyoshika picha, naye akaona afadhali ailaze juu ya kiti chake cha kukunja, akaenda nyuma ya jiwe kujisaidia.

Aliporudi, dereva alikuwa amekaa kwenye kiti.

"Inuka!" akafoka. "Inuka, umekalia jangwa langu!"

Dereva akaruka kama aliyeumwa na nge. Makalio yote mawili yalikuwa na rangi ya mchanga, yenye doa la buluu pale palipokuwa na anga. Akaanza kujipangusa kwa kiganja.

"Usisugue! Ukisugua inaingia ndani!" Maskini, mazoea. Kabla hajaitazama picha yake alikwisha chukua kitambaa chenye mafuta ya kuoshea brashi, anaigusagusa suruali ya dereva polepole, huku dereva akitweta, "Nisamehe mama, usingizi tu, nisamehe."

Kisha akaitazama picha. Lo! Vilima viwili vilikuwa vimesimama, vikubwa, vya duara, na bonde la kina katikati yake. Mikunjo ya suruali ilikuwa imechapa mawimbi ya mchanga yaliyopinda hasa kama yale yaliyokuwa mbele yake. Kabla hajajua acheke au alie, Kofia akapiga mluzi wa kukusanyika.

Wakaegemeza picha. Kofia akaanza, akafika kwake, akavua kofia. Hakuna aliyewahi kumwona akiivua.

"Mama," akasema, "leo mchanga unapumua."

"Na bonde lile!" akadakia daktari wa meno. "Kina chake!"

Mama Pasi akainama kufunga brashi zake. Dereva, mgongo umebanwa kwenye mlango wa gari, alitazama mawinguni.

Nyumbani akaiweka picha mezani mbele ya mumewe. Mzee akazima televisheni. Akainama. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Nzuri," akasema mwishowe. "Kachora nani?"

"Kachora nani vipi? Mimi!"

"Aka. Mchanga wako haukunjiki. Wako umelala, umetulia, mtu anapumzika." Akakuna kidevu. "Na kivuli huwa unakianza kushoto halafu unakisahau. Mimi nisijue? Nakaa nao kila asubuhi."

Mama Pasi akajitupa kitini. "Hayo ni makalio ya dereva," akasema, na machozi yakamtoka hapohapo. "Aliikalia. Wote wamenisifu, nami nikanyamaza."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Alipopata pumzi akamwona mkewe bado analia, kicheko kikamkauka.

"Unacholilia ni nini hasa?"

"Unanitundika chooni! Kila nikikuletea, chooni!"

Mzee akatoa macho. "Sasa mama watoto, nikutundike wapi? Hapa sebuleni ni kelele na wajukuu. Kule ndiko ninakokaa peke yangu nikatazama kitu." Akamgeukia mkewe. "Kwani unadhani nakawia kwa sababu ya tumbo?"

Akainuka, akaenda chooni, akarudi na ile picha ya kwanza, kona zimejikunja kwa unyevu, mchanga wake umenyooka tambarare. Akapanda kiti. Akaitoa saa, akaitundika picha.

"Na hii?" Mama Pasi akauliza, akionyesha vilima vya mezani.

"Mpelekee dereva. Hiyo ni sura yake."

"Na saa?"

"Saa iende chooni," mzee akasema, akishuka. "Si mnasema nakawia?"