Dereva Aliyesema Anaogopa

Dereva wa basi letu la hospitali amefariki, na tangu tumzike nalala vibaya. Alikuwa mama wa makamo, mkazi wa Kimbo, na ndiye aliyekuwa akitupeleka kliniki Thika kwa nauli ambayo hata mzee asiye na kazi aliimudu, kwa kuwa kaunti ilisaidia kulipia mafuta na matengenezo. Msaada huo ulipokatwa, mwenye basi aliendelea kulituma barabarani, ila gereji hakulipeleka tena.

Nilikuwemo siku breki zilipokataa kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. "Shikeni viti!" alipiga kelele, akashusha gia, akalikwaruza basi kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Tulishuka; mama mmoja alimkumbatia mtoto wake akashindwa kumwachilia. Dereva aliketi kwenye nyasi, mikono kichwani. "Ngai, Mungu wangu, nimeogopa," alisema. "Hili silishiki tena."

Wiki hiyohiyo kaunti iliita wananchi kuzungumzia bajeti. Alisimama mbele ya ukumbi mzima. "Mimi ndiye dereva. Naogopa kuua watu. Turudishieni usaidizi wa basi, litengenezwe."

Afisa alitabasamu. "Mama, kama unaogopa barabara, si utafute kazi ingine?"

Wengine walicheka. Sisi tuliokuwa ndani ya lile basi hatukucheka. Dereva alimrudishia mwenye basi ufunguo, basi likaegeshwa, na hakuna aliyetuletea lingine.

Asubuhi moja mwezi uliopita, dereva huyo kifua kilimbana. Kwenye bodaboda hakuweza kukaa, kwa hiyo binti yake alimkokota hadi steji. Kila gari lililopita lilikuwa limejaa. Alikata roho kwenye benchi la muuza chai. "Alikuwa akiniuliza tu, 'Limefika?'" binti aliniambia, "nami namwambia, 'Bado kidogo, mum.'"

Siwezi kuapa kwamba basi lingemwokoa. Ninachojua ni kwamba kule ofisini mstari ulifutwa kwenye bajeti, na huku kwetu watu wanasubiri barabarani wakiwa hawana pumzi. Mama yangu ana presha. Kila simu ya asubuhi hunishtua. Zamani nilidhani woga ni wa kufichwa. Mwanamke huyu alinifunza kuupeleka mbele ya wenye mamlaka nikiwa bado na sauti; yeye walimcheka, lakini mimi sitakubali kuketi mpaka nijibiwe.