Sema Kwanza ya Mwenzako

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye kiti cha kinyozi hapa mjini Kisii, nikiwa nimenyolewa upande mmoja. "Yule Muhindi wa madaftari amekufa jana," kinyozi alisema, akaendelea na mkasi wake kama mtu aliyetaja bei ya sukari. Nilitaka kumgombeza, kisha nikakumbuka kwamba mji mzima ulimwita hivyo miaka yote, na yeye mwenyewe aliitika. Alizaliwa hapa, na baba yake aliuza kalamu na karatasi katika duka hilohilo nyuma ya soko. Ekegusii cha kwetu alikijua kuliko watoto wangu, na alikitumia kugombania bei bila haya. Wasomaji wa safu hii wanajua sina mazoea ya kusifu maiti. Leo nitamsifu mmoja, na nitafanya hivyo nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, watu kama kumi na wawili kutoka Kisii na Nyamira tulianza kuandika ensaiklopidia ya kwetu. Hakuna aliyetutuma wala kutulipa. Tulikuwa walimu, wakulima wa chai, muuguzi mmoja, katekista wa Kikatoliki, shemasi wa Kiadventista na mimi. Kila mtu aliandika alichokijua, kuanzia migomba na uchongaji wa mawe hadi majina ya mvua na namna ya kuezeka nyumba. Karatasi zilipitishwa mkono kwa mkono, na yeyote alikuwa na ruhusa ya kusahihisha za mwenzake. Jumamosi haikuwezekana kwa sababu ya shemasi, na Jumapili asubuhi haikuwezekana kwa sababu ya katekista, basi tulikutana Jumapili alasiri katika stoo ya duka la marehemu, tukikalia maboksi ya madaftari. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine ya kurudufu. Lakini hatukumfanya mwenyekiti kwa ajili ya mashine. Tulimchagua kwa kuwa hakuwa na ukoo miongoni mwetu. Mwalimu mmoja wa Sironga ndiye aliyelitamka wazi: "Huyu hana upande. Huyu ndiye atakayetuamua." Tukapiga makofi. Naomba mlishike neno hilo.

Aliweka kanuni moja tu. Hukuruhusiwa kufuta maneno ya mwenzako mpaka kwanza usimame, uyaeleze madai yake kwa kinywa chako, kwa nguvu zilezile ambazo angeyaeleza mwenyewe, hadi aseme "Nabo", yaani ndivyo. Akikataa, unaanza upya. Ukishaipata "Nabo" yake, ndipo unaruhusiwa kumpinga. Tuliicheka kanuni hiyo mpaka ilipofika zamu ya busaa. Katekista alikuwa ameandika ukurasa mtamu juu ya pombe ya wimbi, na shemasi akaupiga kalamu wote, kuanzia juu hadi chini. Marehemu akamgeukia. "Mzee, sema yake kwanza." Shemasi akagoma. "Mimi niseme maneno ya pombe? Na jana tu nimetoka kuomba?" Marehemu akamwambia, "Si yako. Ni yake. Mungu anajua hiyo." Basi yule mzee akasimama, jasho likimtoka, akatueleza jinsi koo mbili zilizouana zilivyorudi kukaa pamoja kwa mrija mmoja, na jinsi mahari ya babu yake mwenyewe ilivyofungwa kwa chungu hichohicho. Katekista akasema "Nabo" kwa sauti ndogo, kisha naye, bila kuombwa, akasimama kueleza nyumba anazozijua ambako watoto hulala njaa kwa sababu ya busaa. Shemasi akasema "Nabo" tena na tena. Ukurasa wa busaa ukatoka ukiwa mrefu zaidi, na hakuna aliyeona ameibiwa. Mimi nimekaa katika kamati nyingi za wasomi, na sijaona jambo kama hilo tangu siku ile.

Kisha ikaja chai. Mwalimu wa Sironga, huyohuyo wa "hana upande", aliandika kwamba baba yake ndiye aliyepanda mche wa kwanza wa chai upande wa Ikonge, alipokuwa na shamba huko. Mkulima mmoja wa Ikonge akaifuta sentensi hiyo, akaandika jina la baba yake mwenyewe. Mwalimu akaifuta ya mkulima. Karatasi ilikwenda na kurudi mpaka ikatoboka. Marehemu akawaambia Jumapili ijayo kila mmoja aje na maneno ya mwenzake kichwani. Hawakuja na maneno. Walikuja na watu. Stoo ilijaa wajomba, mashemeji na vijana ambao hawakuwahi kuandika hata jina la mgomba, wote wamekuja kupiga kura. Ndiyo kwanza nchi ilikuwa imeonja vyama vingi, na kila jambo likawa la kuinua mikono. Mkulima akasema, "Tuhesabu watu, hii maneno iishe leo." Mwalimu naye, kwa mara ya kwanza, akakubaliana naye.

Marehemu alikataa kuhesabu. "Kura haiwezi kupanda chai," alisema. "Mwalimu, sema yake. Halafu wewe, sema ya mwalimu. Mpaka 'Nabo'." Hapo sauti ikatoka nyuma, sijui ya nani, na sitaki kujua: "Muhindi, chai wewe unaijua kwa kikombe tu. Mambo ya Gusii utatuamulia wewe kama nani?" Wakacheka. Wakacheka wote, wa Sironga na wa Ikonge, na lililoniuma zaidi ni kwamba wale wawili waliokuwa hawasalimiani sasa walikuwa wakicheka pamoja. Nilisimama kupinga, nikavutwa shati na kuambiwa nikae. Marehemu alifungua mlango wa stoo, akasimama kando yake mpaka wote walipotoka. Mwalimu aliondoka na karatasi za A hadi K, mkulima akabeba zilizobaki. Mpaka leo ensaiklopidia yetu iko nusu Sironga na nusu Ikonge, na panya wanaisoma kuliko binadamu.

Ndiyo maana nina hasira. Tulimchagua kwa sababu hakuwa na ukoo, kisha tukamfukuza kwa sababu hiyohiyo. Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu huyu hakuwa hata mgeni. Aliponya tulichokuwa tunakiugua, na tulipopata nafuu kidogo tukamwonyesha mlango wa stoo yake mwenyewe. Tena msidhani ni habari ya chai tu. Yatazameni mabaraza yetu, kamati zetu za shule na makanisa yetu. Nani kati yetu leo anaweza kusimama na kueleza madai ya mpinzani wake mpaka mpinzani aitikie? Tunajua kuhesabu mikono. Tunajua kuuliza ukoo. Kazi ile ngumu ya katikati tumeiacha.

Siku ya kumuaga, kabla mwili haujapelekwa Kisumu kuchomwa kwa desturi yao, tulikusanyika nje ya duka. Wale wawili walikuwepo, kila mmoja na suti yake na hotuba yake, wakisukumana nani aanze. Mwalimu akasema marehemu alikuwa "Mgusii kamili, mmoja wetu kabisa." Mkulima akaingilia, "Huyo alikuwa mzee yangu mimi. Nilimjua mbele yako." Wakaanza kuvutana pale pale, mbele ya jeneza. Mjane alikuwa ameketi, amejifunika shali nyeupe. Siku zote alikuwa akituletea chai kule stoo na kusikia kila kitu. Akasimama.

"Mwalimu," alisema, "ile maneno ya chai. Sema ya mwenzako. Mpaka aseme 'Nabo'."

Mwalimu akakohoa. Akaanza, "Huyu anadai kwamba..." Mkulima akatikisa kichwa. Akaanza tena, akakwama. Mama akamgeukia mkulima. Mkulima akatazama viatu vyake. Tulisubiri, watu wote wa soko wakisubiri pamoja nasi, na mama hakuwasaidia hata kwa neno moja.

"Basi," alisema mwishowe, "nyinyi mnamlilia nani?" Akaketi. Hotuba zikarudi mifukoni.

Nilitaka kuishia hapo, maana hapo ndipo moyo wangu ulipopoa kidogo. Lakini nimewafuta watu wawili katika ukurasa huu, na bado sijasema yao. Basi. Baba yake mwalimu alichekwa na kijiji alipong'oa migomba na kupanda majani yasiyoliwa, akafa kabla chai haijamletea heshima, na mwanawe alitaka jina lake likae mahali ambapo halitachekwa tena. Baba yake mkulima alikopesha jirani zake miche kutoka shamba lake, na leo wale wanaovuna hawamkumbuki hata kwa salamu. Wawili hao hawakuwa wakigombania chai. Walikuwa wakizika baba zao. Wakisoma haya, natumaini watasema "Nabo".

Hayo nimeyaweza. Lakini kile kicheko cha stoo, lile neno la "kama nani", nimejaribu kulisema kwa upande wao na ulimi umegoma. Mtu asiyeweza kuyasema ya mwenzake hana haki ya kuyafuta, na mimi nalitaka neno lile lifutwe lisionekane hata kivuli. Najua marehemu angenijibu nini, amekaa juu ya boksi lake la madaftari. Angeniambia nianze upya.