Chumba Nilichopangiwa Lumumba

Nilipotoka Mwanza kwenda kusoma mwaka mmoja Bunia, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilinipangia chumba kwa mama mmoja wa mtaa wa Lumumba. Alikuwa mjane, muuza vitenge aliyehamia kutoka Butembo. Msimamizi wa ofisi hiyo, aliyesali naye kanisa moja, ndiye aliyenipeleka.

"Mama ule iko peke yake," aliniambia njiani. "Mutazoeana."

Chumbani nilikuta kitanda kimetandikwa, madaftari ya chuo, na kandambili zilizolika visigino. Vilikuwa vya binti yake. Mama mwenyewe alinisimulia tukichambua maharagwe.

"Alienda Iga Barrière kuona rafiki yake. Siku ile watu wa bunduki wakafunga njia. Hatukumuonaka tena, hata mwili."

Wiki ya tatu mvua ilinyesha kutwa. Kwa ruhusa yake nilivaa sweta ya binti, nikatoka uani kuosha sufuria. Mama aliporudi sokoni nilikuwa nimempa mgongo. Aliita jina, nalo halikuwa langu. Nilipogeuka alikuwa amesimama na mzigo bado kichwani, akiniangalia mikono.

Hakulia. Aliniomba kitu kimoja.

"Kesho nikirudia toka soko, ukuwe pale pale. Usigeuke mbio."

Nilimhurumia, nikakubali. Kila jioni nilivaa ile sweta nikainama penye karai. Aliita jina lile, nami nikakawia kidogo ndipo nikageuka. Kisha akaingia kusonga bugali kana kwamba hakuna lililotokea.

Msimamizi alituita ofisini mmoja mmoja kila mwezi, fomu mezani.

"Uko nakula muzuri?"

"Ndiyo."

"Uko nalala?"

"Ndiyo."

Akaweka alama. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalala nikiwa nimevaa kandambili za mtu, na sikukumbuka kuzivaa.

Halafu jioni moja mama aliita, nami nikasikia sauti yangu ikijibu, "Karibu, mama," kama waitikavyo mabinti wa Bunia. Kwetu tungesema "Abee." Mama akateremsha mzigo, akakaa chini kwenye matope.

"Ulikuwa wapi?" akauliza, polepole, bila hasira.

Asubuhi nilikwenda ofisini nikasema yote. Msimamizi aliweka kalamu chini.

"Nilizani mutoto mu nyumba atamusaidia," alisema.

"Na mimi je?"

"Weye, sikukufikiria. Unisamehe."

Baada ya siku mbili nilihamishiwa bweni la wasichana. Mama alinibebea begi mwenyewe hadi kwenye pikipiki.

"Nilikuchokesha," alisema tu.

Bwenini tulikuwa wanne chumbani, kelele tupu, lakini kila jioni mgongo wangu ulisisimka, kama wa mtu anayesubiri kuitwa. Jumapili mbili nilijizuia. Ya tatu nikaenda, nikabisha hodi mlango wa mbele.

Mama alinitazama sana. Kisha akaniuliza jina langu linatamkwaje, akalirudia mara mbili, taratibu, mpaka akalipata. Tulikula bugali na sombe, kisamvu cha kwetu.

"Mama yako kule Mwanza, anajua uko wapi?"

"Anajua."

"Mupigie."

Nikapiga palepale. Mama wa Bunia akasogeza kiti karibu, akasikiliza sauti ya mama yangu hadi simu ilipokatika.