Hema Kwenye Njia ya Kiboko

Mwezi jana mdogo wangu alinipigia simu, akataka tuteremke Naivasha nimwonyeshe mahali ambapo kiboko alitufungia hemani. Anaipenda hadithi hiyo kuliko sisi tuliokuwepo tukiwa na akili zetu. Yeye alikuwa na miezi saba tu. Tulienda, lakini rafiki yangu, pale mahali hapapo tena. Ziwa limepanda, migunga imekaukia majini, na uzio wa kambi unaingia ziwani na kupotea. Nilinyoosha kidole tu, nikasema hema lilikuwa kule, nikionyesha maji.

Tulikaa Mau Narok enzi hizo, watu wa viazi na ng'ombe, na baridi ya kule unaijua. Hakuna jirani yetu aliyewahi kulala nje kwa hiari. Lakini baba alikuwa amewaona walimu wa chuo kikuu kule Njoro wakifunga hema juu ya gari na kuondoka na watoto wao, akaona watoto wake nao wasipitwe. Akaazima hema. Tukapakia kwenye pikapu godoro, nusu gunia la viazi, sufuria na blanketi. Nyanya, mama yake baba, akakaa mbele akinung'unika kwamba mwenye nyumba halali nje ila amefukuzwa.

Tulifika jioni, na askari wa lango hakuwepo. Baba akatembea ufukweni kama mtu anayetaka kununua shamba. Akapata ukanda wa nyasi fupi, laini, sawasawa, ulioshuka hadi majini. Akachuchumaa, akazipapasa.

"Hapa pamelishwa vizuri," akasema. "Ng'ombe wa huku wanajua kula."

Nyanya akaangalia chini, akageuka huku na huku. "Na mavi yao yako wapi?"

"Mama, tumekuja kupumzika," baba akamjibu, akapigilia kigingi cha kwanza.

Sitakudanganya, jioni ile ilikuwa tamu. Mama alichoma viazi kwenye majivu, tukavila na chumvi, vidole vikiwa vyeusi kwa masizi, na ndege wa ziwani wakipiga kelele kama watoto waliofunga shule. Baba alitutazama tukila, akatabasamu peke yake.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Baba na mama walikuwa wametoka kuwasha moto wa chai kando ya pikapu, hatua kama hamsini hivi. Mimi, nyanya na mtoto tulibaki chini ya blanketi. Nilisikia nyasi zikinyofolewa, nikadhani ni ng'ombe. Halafu pumzi moja nzito ikasukuma ukuta wa hema. Nyanya akachungulia kwenye upenyo wa zipu, akarudi taratibu, akaweka kidole mdomoni. Kiboko alikuwa akirudi majini kwa njia yake ya kila siku, nasi tulikuwa tumelala katikati ya njia hiyo. Nyuma yake alikuwepo mtoto wake.

Hema lilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulimtazama yeye. Kutoka kule kwenye pikapu sauti ya mama ikatufikia, ndogo sana: "Msitoke. Msiongee."

Mdogo wangu akaanza kukunja uso. Ilikuwa saa yake ya kunyonya, na mama alikuwa upande wa pili wa mnyama. Sauti fupi ikamtoka. Nje, kutafuna kukakoma.

Nilikuwa na miaka minane, na niliogopa mpaka nikamchukia mdogo wangu. Nikaweka kiganja juu ya mdomo wake, na pua pia, kwa sababu uso wenyewe ulikuwa mdogo. Nikabonyeza. Ningependa kukuambia kwamba sikujua ninachofanya, lakini nilijua kidogo.

Nyanya akaubandua mkono wangu. Akafungua sweta, akampa titi lake lililokauka miaka mingi, kama nyanya wa kwetu walivyofanya mama wa mtoto alipochelewa shambani. Mtoto akanyonya hewa, akatulia. Kwa mkono wake mwingine nyanya aliushika ule wangu kwa nguvu, na hakuuachia mpaka kutafuna kulipoanza tena, kukasogea, na tukawasikia wakiingia majini.

Askari alikuja baadaye, akatazama hema, akamtazama baba.

"Mzee, hizi nyasi ulifikiria ni nani hukata?"

Baba akaanza kung'oa vigingi. Tulipakia vitu kabla ya chai, na hakutaja tena habari za kupiga kambi.

Nyumbani hadithi ikawa ya kuchekesha. Nyanya aliisimulia yote, hata ile ya titi, wageni wakishika mbavu. Mkono wangu hakuutaja hata siku moja. Nilikua nikingoja aniseme mbele ya watu, au aniite pembeni. Tukiwa wawili jikoni tukimenya viazi, nilikuwa naanza, kisha naishia kumwuliza chumvi iko wapi. Tulimzika mwaka juzi.

"Na mimi sikulia?" mdogo wangu aliniuliza pale ufukweni, akicheka. "Kumbe nilikuwa mtoto mpole."

"Hukulia," nikamwambia.

Huenda siku moja nitamweleza. Lakini nyanya peke yake ndiye angeweza kuniambia kama asubuhi ile alinishika mkono ili kunituliza, au ili nisiurudishe.