Nitukane Niisikie Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Wajerumani, Bwana Mganga wa boma la Arusha hakunipa bandeji wala dawa. Alinionyesha mgonjwa, akasema, "Mwambie akutukane." Nikadhani mzee wa watu amechanganyikiwa. Kumbe ndivyo alivyopima koo. Tusi hutoka kwa nguvu. Sauti ikikwaruza au kukatika, ujue koo linavimba ndani. Nilimpenda mzee yule, na tumbo lake, na ukali wake wa uongo.

Siku moja aliletwa Loishiye, Mwarusha mrina asali, aliyeumwa na nyuki mmoja tu. "Mmoja!" nikacheka. Bwana Mganga hakucheka. Alinionyesha vipele vilivyotapakaa kifuani, midomo iliyofura, mapigo ya moyo yaliyokwenda mbio na kufifia. Wako watu, alinifundisha, ambao miili yao huikataa sumu ile kupita kiasi, na nyuki mmoja anatosha kuwaua.

Nduguze walikuwa wamemshikilia wima, maana mwanamume haingii bomani amebebwa.

"Mlazeni chali, miguu juu ya gunia! Akisimama, damu itaukimbia moyo!" Kisha Bwana Mganga akamwinamia Loishiye. "Nitukane."

Loishiye kimya.

"Hawezi, Bwana," alisema mkewe, amekumbatia kibuyu. "Hii ni asali ya harusi ya binti yetu. Mbele ya asali hiyo hatusemi neno baya."

Hapo hofu ikanishika. Kimya kile kilikuwa cha heshima, au koo lilikwisha kuziba?

"Yeyo, itoe nje," alisema Bwana Mganga kwa upole, akimwita mama kwa lugha yake.

Mama akatoka mbio. Loishiye akafungua mdomo. Ukatoka mluzi tu.

Bwana Mganga akamchoma sindano ya dawa iliyotokana na tezi za ng'ombe. Tukangoja, mama akilia mlangoni. Mwishowe tukasikia, kwa sauti nene kabisa: "Mbwa wewe!"

Bwana Mganga alicheka huku machozi yakimlengalenga. Hata hivyo alimlaza pale mpaka kesho yake, kwa kuwa hali ile huweza kurudi.

Baadaye nilihamishiwa Usa, karibu na Arusha, nikawatumikia mabwana waganga wengine, na kila mahali niliomba kutukanwa. Sasa nimestaafu, niko Ngarenaro. Loishiye ameacha kurina, lakini asali ya wanawe huniletea. Hukiacha kibuyu nje ya uzio, akaingia, akanitukana mimi na ukoo wangu mzima. Namsikiliza mpaka neno la mwisho, ndipo namkaribisha chai.