Mtihani wa kusoma pale Nanyala: watu kumi na wawili, kitabu kimoja

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, kama mpo. Wengine wote, marahaba.

Haya ni ya kweli tupu. Nilikuwepo, na aibu ilikuwa yangu.

Enzi za Mwingereza, Nanyala. Nilikuwa na elimu ya darasa la nne na kiburi cha digrii mbili. Nikapewa kufundisha watu wazima kusoma, alasiri wakishatoka kwenye mashamba ya kahawa. Wanafunzi kumi na wawili, kitabu kimoja.

Narudia: kimoja. Nyie mnaolia bando limekata, poleni sana.

Nilikiweka katikati ya mkeka, wakakizunguka, nikawa naonyesha herufi kwa kijiti. Kila mtu na nafasi yake, na ole wako ukae pa mwenzio.

Mwenye bidii kuliko wote alikuwa Mama Yakobo. Mwanawe alifanya kazi kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya Tunduma. Barua zake zilisomwa na karani wa duka, kwa sauti, mbele ya wateja! Wanunua chumvi walijua Yakobo kaoa huko kabla mama mtu hajapata hata pa kukaa.

"Mwalimu," aliniambia, "ya mwanangu nataka niyajue mimi kwanza."

Basi akaja mkaguzi kutoka bomani, kaptula imepigwa pasi hadi inakata. Darasa likifeli, linafungwa. Akampa kila mtu kitabu chake.

Jamani! Wa kwanza akakilaza ubavu. Mama Yakobo akakigeuza juu chini, ametulia, anasoma vizuri tu.

Ndipo nikagundua ujinga wangu. Kila mmoja alijifunza kusoma kutokea upande aliokaa! Mimi miezi yote nilikaa upande ulionyooka, sikuona kitu.

Mkaguzi akasema wamekariri. "Anayejua kusoma anajua kushika kitabu." Nikajaribu kueleza, akaninyamazisha. Akaketi mezani, akatoa fomu, akaanza kuandika. Roho iliniuma, nisiwafiche.

Mama Yakobo alisimama mbele yake, ng'ambo ya meza, anafuata kalamu kwa macho. Akaanza polepole:

"Ha-wa... ha-wa-ju-i... ku-so-ma. Da-ra-sa... li-fu-ngwe."

Kalamu ikasimama.

"Bwana mkaguzi," akasema, "na hayo nimeyakariri wapi?"

Mkaguzi alikohoa weee! Akaichana ile fomu, akajaza nyingine. Darasa likabaki, na vitabu akatuachia.

Nilichojifunza: mtu mzima mpime kwa kile anachotaka kufanya na kusoma kwake. Na wewe mwalimu, uwe unahama kiti.

Mliowahi kufundisha kisomo cha watu wazima, nyie mlikaguliwa kwa kipimo gani? Tiririkeni, na wabishi pia mnakaribishwa.

Halafu kabla hamjauliza: barua iliyofuata Mama Yakobo aliisoma peke yake, shambani kwake. Nilimwona kwa mbali: akacheka, akalia kidogo, akaikunja. Ilisema nini? Hakumwambia mtu mpaka anaingia kaburini, na mimi niliyemfundisha bado nina hamu ya kujua.