Ephrasia Kokwijuka, Katekista Aliyekataa Kuapa Kwamba Anajua

Alizaliwa Buhembe, Bukoba, mwezi Machi 1951, akabatizwa Ephrasia. Nyumbani waliendelea kumwita Kokwijuka. Alipoolewa alihamia Muleba, akafiwa na mume mapema, akabaki na kahawa na migomba. Mwaka 1984 alianza kufundisha dini katika kigango ambacho hakikupata mwanaume hata mmoja wa kukaa na watoto Jumamosi nzima. Wanaume hao hao ndio waliokuja kumhukumu, na waliokaa benchi la mbele siku ile tunawakumbuka mmoja mmoja.

Jaribu lake kubwa lilikuja Julai 2009. Watoto ishirini na watatu walikuwa tayari kwa kipaimara. Binti mmoja, Joanitha, alimwuliza kama ana hakika kwamba Mungu anasikia. "Hakika sina, mwanangu," akajibu. "Ninaamini, na maisha yangu nimeyaweka hapo." Joanitha alilifikisha jibu nyumbani kama lilivyo. Baba yake, Rutashobya, alikuwa mwenyekiti wa kigango, mtu ambaye hakuwahi kukosea tangu azaliwe, kwa ushahidi wake mwenyewe.

Jumatano akamwita Kokwijuka mbele ya halmashauri. Aape kwamba anajua kwa hakika, la sivyo darasa linafungwa na watoto wasubiri mwaka mwingine. Kokwijuka aliwapenda watoto wale kuliko heshima yake, lakini akasema: "Nikiapa kwa nisichokijua, nitawapeleka kwa Askofu nikiwa nimewafundisha uongo." Kisha akamtazama mwenyekiti, ambaye ndizi zake za rubisi, pombe ya ndizi ya wageni wa kipaimara, zilikuwa shimoni tangu Jumapili, zimefunikwa majani na udongo ziive.

"Waitu, mzee wangu, ndizi zako zitaiva?"

"Zitaiva. Nina hakika."

"Umeziona?"

"Wewe mama, shimo linafunuliwa kabla ya siku yake?"

"Hata mimi nimefukia, na sijui. Lakini wageni nimewaalika."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimchoma Rutashobya. Kila Mhaya anajua kwamba ukifunua shimo mapema joto linatoka na ndizi zinagoma. Yeye pia alijua. Kesho yake asubuhi akalifunua, apate kurudi na ushahidi. Ndizi zikabaki ngumu, nusu kijani, zisizotoa hata tone la maji ya kupikia rubisi.

Ijumaa alikwenda kwa Kokwijuka, kofia mkononi. "Mwalimu, nimefukua."

"Pole, Tata. Njoo tufunue la kwangu, tuone kama nami nimeaibika."

Zilikuwa zimeiva, harufu ikafika barabarani. Mwenyekiti alikunja suruali akazikanyaga kwa miguu yake mwenyewe kuzikamua, majirani wakimwuliza kama ana hakika anakanyaga ndizi. Jumapili watoto wote ishirini na watatu walipata kipaimara. Wapo wanaosimulia kwamba rubisi ile haikuisha. Tuliokuwepo tunakumbuka iliisha saa kumi na moja, kila mtu ameridhika. Rutashobya kuomba radhi kanisani, mbele ya watu wote, ni muujiza wa kututosha.

Kokwijuka alifariki tarehe 12 Februari 2021, akazikwa katikati ya migomba yake. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala hakuna aliyelipelekea jina lake. Darasa halikufungwa hata Jumamosi moja. Leo analifundisha Joanitha. Basi tumwige. Nawe unayeshika kipaza sauti na kupima imani za wenzako, mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, kisha piga magoti pamoja naye.